Jani linavyonasa mwanga na kuutupa wa ziada

Wingu linapopita juu ya Kabeza, jijini Kigali, jani la mgomba hujikuta kivulini ghafla. Kwa jani, mabadiliko hayo yana gharama.

Mwanga wa jua hunaswa na molekuli za klorofili, zilizopangwa kama antena. Nishati yake huruka kutoka molekuli moja hadi nyingine mpaka ifike pale kazi ya kutengeneza sukari inapoanzia. Mruko mmoja waweza kuchukua chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Mkemia Graham Fleming wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ameufuatilia kwa mimweko mifupi ya leza: wa kwanza huamsha molekuli, wa pili, uliocheleweshwa kidogo, huonyesha nishati imefika wapi. Ni kwa mimweko ya aina hiyo ambapo Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, alichunguza mimenyuko ya kemikali na kutunukiwa Nobeli mwaka 1999.

Jua likizidi, jani huitupa nishati ya ziada kama joto ili lisidhurike. Tatizo ni kwamba kivuli kikija, hukawia kuacha kuitupa, na chakula hupotea. Mwaka 2016 watafiti wa Illinois na Berkeley, akiwemo Krishna Niyogi aliyeshirikiana na Fleming, walibadili jeni za tumbaku ili ijirekebishe haraka. Mimea ikanenepa kwa takriban asilimia 15. Tumbaku, zao lisilolisha mtu, ilichaguliwa kwa wepesi wa kuibadili. Mwaka 2022 yakafuata matokeo ya soya, mavuno yakiongezeka shambani.