Ngozi Nyembamba Ilindayo Nuru ya Jicho

Katika nyumba zetu nyingi yumo mzee ambaye mboni yake imeingia weupe, naye husema, "Niacheni, huu ni uzee tu." Sisi nasi tulikuwa hivyo. Miaka miwili tulisomesha chuoni bila ya kuziona vyema nukta za herufi, tukimsahihisha mwanafunzi kwa sikio na hifdhi, kwa kukiogopa kisu. Tuliyoyafahamu baadaye yatupasa kuyaeleza.

Mtoto wa jicho si utando uliomea juu ya jicho, kama wadhaniavyo wengi. Ni kioo cha ndani ya jicho chenyewe kilichoingia ukungu. Kioo hicho kimo katika kifuko chembamba mno. Ubavu wake wa nyuma, pale palipo pembamba zaidi, unene wake ni kiasi cha sehemu 4 katika 1,000 za milimita moja.

Ammar bin Ali al-Mawsili, tabibu aliyekuwa Misri kadiri ya mwaka 1000, alieleza namna ya kuunyonya ukungu kwa sindano yenye tundu. Katika sehemu kubwa ya karne ya 20 matabibu wengi walikitoa kioo pamoja na kifuko chake. Ndiyo sababu wazee wetu walivaa miwani mizito mno. Mwaka 1949 Harold Ridley, tabibu wa London, alitia jichoni kioo cha kuundwa. Siku hizi tabibu hufungua ubavu wa mbele wa kifuko, akatoa ukungu, akauacha ubavu wa nyuma mzima. Huo ndio tandiko la kioo kipya, na ndio ukuta uzuiao ute wa nyuma usije mbele. Ukipasuka, matibabu huwa mazito, na khatari kwa jicho huzidi.

Basi kungojangoja kuna madhara, kwani mtoto wa jicho aliyekomaa sana huwa mgumu, na kifuko huwa rahisi kupasuka. Mgonjwa atulize kichwa, wala asimfiche tabibu dawa anazotumia, khasa za tezi dume, kwani baadhi yake huzuia mboni isipanuke vyema. Na ukungu ukirudi baada ya miezi au miaka, asikate tamaa: ni kifuko kilichofifia, nacho hutobolewa tundu la kuonea kwa mwanga wa leza, pasipo kisu.

Sisi tulitibiwa, tukafungua Msahafu, tukaiona nukta ya ba. Mwenye mzee nyumbani asimwachie khofu yake. Amshike mkono ampeleke. Wabillahi tawfiq.