Kingani Haikurudi Kigoma

Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani, boti ya kivita ya Wajerumani wa Kigoma, ilikuwa doria upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Karibu na mlango wa mto Lukuga ikaandamwa na boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou. Nahodha aliuawa na boti ikatekwa, yote kwa dakika chache. Kigoma wakangoja habari bila kupata. Mwezi Februari wakaituma boti yao nyingine, Hedwig von Wissmann, ikachunguze kilichoisibu mwenzake, nayo ikazamishwa.

Si kwamba mwambao huu haukuwa na simu ya waya. Waya wa kampuni ya Cecil Rhodes, uliokusudiwa kutoka Cape hadi Kairo, ulikuwa umeshafika Ujiji na kuishia hapo. Lakini waya hukomea ufukweni. Meli haiwezi kuuburura majini. Simu ya upepo, yaani redio, ndiyo inayoweza kuifuata meli iendako.

Simu hiyo hutumia mawimbi ya redio. Hertz aliyathibitisha mwaka 1888, na Marconi akayageuza kuwa biashara. Mtumaji akibonyeza, cheche inaruka kwenye mwanya, umeme unakwenda na kurudi ndani ya antena mara laki kadhaa kwa sekunde, na mawimbi yanatoka kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde. Bonyezo fupi ni nukta, refu ni mstari. Wajerumani walikuwa na vituo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Juni 1915 Waingereza walitoka Kisumu, wakavuka Ziwa Viktoria na kukiharibu cha Bukoba. Kwangu mimi, safari hiyo inatosha kuonyesha jinsi mlingoti mmoja ulivyoogopwa.

Ziwa Tanganyika, hata hivyo, lina jirani mgumu. Radi nayo ni cheche, kubwa kuliko yoyote ya mtambo, na chombo alichokionyesha Popov mwaka 1895 kilinasa mawimbi yake. Vipimo vya setilaiti vinaiweka milima ya mashariki mwa Kongo miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi mno duniani. Mitambo ya zamani ilitumia mawimbi marefu, na huko ndiko kelele za radi zinakozidi. Wakati wa masika mpokeaji alilazimika kuzichambua nukta ndani ya mingurumo. Nafuu ilikuja miaka ya 1920 kwa mawimbi mafupi. Hayo husumbuliwa kidogo na radi, hurudishwa ardhini na tabaka la juu la anga, na hufika mbali kwa nguvu ndogo ambayo hata boti inaweza kuibeba.