Damu Katika Mswaki

Asubuhi za baridi hapa Lyamkena mtu huamka, huchukua maji na mswaki, husugua meno yake, kisha hutema mate na kuona damu. Wengi wakiiona huogopa, wakaacha kusugua mahali pale, wakidhani wamejijeruhi. Miaka hupita, meno hulegea, hata mtu hawezi tena kutafuna hindi la kuchoma; nasi twasema, "Ni uzee." Sivyo. Mwezi huu twataka kueleza damu ile yatoka wapi.

Pale jino linapoingia katika ufizi hujijenga utando laini, nao usipoondolewa hugeuka kuwa ukoga mgumu. Ndani ya utando huo wakaa vijidudu wasiohesabika, waitwao bakteria. Ufizi nao umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, ziitwazo seli. Seli za juu ni kama ukuta wa nyumba, lakini ukuta wenye kusema: zikiguswa na sumu za bakteria hupeleka habari ndani kuomba msaada. Ndipo mishipa midogo ya damu hupanuka, na seli nyeupe za damu hutoka humo kwenda kupigana. Kwa hiyo ufizi huwa mwekundu, huvimba, na kutoka damu ukiguswa kidogo tu. Basi damu ile kwa kawaida si jeraha la mswaki, bali ni habari ya vita.

Vita vifupi vyatufaa. Lakini vikidumu miaka, silaha za walinzi huharibu nyumba waliyoilinda. Ziko seli ziitwazo fibroblasti, ambazo kazi yao ni kufuma nyuzi za kulishika jino. Uvimbe ukiwa wa siku nyingi, seli hizo hizo hutoa vimeng'enya vya kukata nyuzi, tena husaidia kuamsha seli nyingine, osteoklasti, ziyeyushazo mfupa wa taya. Ufizi hujitenga na jino, pakawa na kifuko, na humo hustawi bakteria wasiopenda hewa, kama Porphyromonas gingivalis. Haya yote yaweza kutendeka pasipo maumivu yo yote, na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe.

Je, vita hivi vyaweza kukomeshwa? Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, huko Aarhus katika nchi ya Denmark, walieleza habari za watu 12 wenye fizi nzima walioacha kusafisha meno kwa makusudi. Kwa muda wa siku 10 hadi 21 fizi za wote zilivimba. Walipoanza tena kusafisha, zilipona kwa juma moja hivi.

Tena mwaka 1986 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Thorkild Karring waliandika juu ya watu wazima wa Tanzania. Ukoga na fizi zenye uvimbe walivikuta kwa wengi, lakini uharibifu mkubwa ulikuwa zaidi kwa sehemu ndogo ya watu. Maana yake, bakteria peke yao hawatoshi. Namna mwili wa kila mtu unavyowajibu ina neno kubwa. Kisukari na tumbaku huzidisha hatari, na tumbaku hupunguza hata ile damu, mgonjwa akajiona mzima.

Basi, enyi wazazi na walimu, wafundisheni watoto wasiikimbie damu. Na wasugue polepole mara mbili kila siku, hasa mahali panapotoka damu, kwa mswaki wa dukani au wa mti uliotafunwa ncha vizuri. Ikiwa damu haikukoma baada ya majuma mawili, au jino lacheza, mwendeeni daktari wa meno, maana ukoga uliokwisha kuwa mgumu hauondoki kwa mswaki. Ufizi uliovimba leo waweza kupona. Mfupa uliopotea ni shida kuurudisha.