Kabongo: Mimea inayomzuia kipepeo wa kiwavi jeshi asizaane katika mahindi

Mvua zinaporudi Kabongo, jimboni Haut-Lomami, mkulima wa mahindi anakuwa na adui ambaye ni nadra kumwona. Ni kipepeo wa usiku, wa rangi ya kijivu, anayeingia shambani giza likiwa limetanda. Anataga mayai kwenye majani, kisha anaondoka. Siku chache baadaye majani yana matundu, na moyo wa muhindi umejaa kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Kiwavi akisha kujificha humo ndani, dawa nyingi hazimfikii tena.

Huyo ni kiwavi jeshi vamizi, ambaye wengi Kongo wanamjua kwa jina la Kifaransa, chenille légionnaire. Asili yake ni bara la Amerika. Alithibitishwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na haukupita muda mrefu akawa ameingia Kongo. Mwaka 2017 shirika la CABI lilikadiria kwamba asipozuiwa, nchi 12 za Afrika, Kongo ikiwemo, zinaweza kupoteza kati ya tani milioni 8.3 na milioni 20.6 za mahindi kila mwaka.

Nguvu yake iko katika uzazi. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000, kwa mafungu ya 100 hadi 200. Penye joto, mayai yanaanguliwa ndani ya siku 3 hivi, na baada ya mwezi mmoja kizazi kipya cha vipepeo kiko tayari kutaga. Kwa hiyo kuua viwavi wanaoonekana leo hakutoshi. Familia inayotegemea unga wa bukari kutoka shambani mwake inahitaji kukata mnyororo wa uzazi wenyewe.

Hapo ndipo mimea inaposaidia, na unaojulikana zaidi ni mwarobaini. Mwaka 1959, nchini Sudan, mtaalamu wa wadudu Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wakila kila kitu isipokuwa miti ya mwarobaini. Mwaka 1968 watafiti Waingereza walitenga kutoka kwenye mbegu zake kemikali inayoitwa azadiraktini.

Azadiraktini haiui papo hapo kama dawa za dukani. Inavuruga homoni za mdudu, hivyo kiwavi anaacha kula na anashindwa kujivua ngozi ili akue. Anayenusurika anaweza kutoka akiwa kipepeo mwenye mabawa yaliyopinda, au jike anayetaga mayai machache. Tena, majike wengi hukwepa kutaga kwenye majani yaliyopuliziwa.

Kutengeneza dawa hii hakuhitaji mashine. Kwa lita 10 za maji, twanga nusu kilo ya mbegu kavu zilizotolewa maganda, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, kisha ongeza sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye majani. Majani ya mwarobaini pia yanatumika, lakini nguvu yake ni ndogo kuliko ya mbegu. Pulizia jioni, ukielekeza kwenye moyo wa muhindi, kwa sababu jua huharibu azadiraktini ndani ya siku chache. Mvua ikiiosha, rudia.

Mmea mwingine ni tefrosia, ule ambao wavuvi wa sehemu nyingi za Afrika ya kati hutwanga majani yake ili kulewesha samaki. Sumu yake, rotenoni, inaua wadudu pia. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu tefrosia ya Malawi ulionyesha kwamba baadhi ya mimea hiyo haina sumu hiyo kabisa, ingawa kwa macho inafanana na mingine. Ndiyo maana inafaa kuijaribu kwanza kwenye mistari michache. Na kwa kuwa inaua samaki, vyombo vyake visioshwe mtoni wala karibu na kisima.

Kuna pia njia ya kumfukuza kipepeo bila kupulizia chochote. Taasisi ya icipe ya Kenya imekuwa ikiwafundisha wakulima kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili kufukuza vipepeo, na majani ya brakiaria kuzunguka shamba ili kuwavuta nje. Utafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta viwavi jeshi wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika mashamba hayo.

Hata hivyo, dawa ya mimea haimsaidii anayechelewa. Inafanya kazi vizuri kwa viwavi wadogo, kwa hiyo tangu mahindi yanapoota, ni vema kupita shambani angalau mara moja kwa wiki, kugeuza majani na kuponda mafungu ya mayai kwa vidole. Anayepulizia, hata kama ni dawa ya mimea, afunike pua na mdomo, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Majirani nao wanapaswa kufanya hivyo pamoja. Kipepeo huyu anaweza kuruka hadi kilometa 100 kwa usiku mmoja, na shamba moja lililoachwa linatosha kuwarudishia wengine wote kizazi kipya mwezi unaofuata.