Wikendi Bila Kwenda Nairobi: Matembezi ya Karibu kwa Familia za Mogogosiek

Katika nyumba nyingi za Konoin, kutoka matembezi maana yake ni Nairobi au Nakuru. Mkulima akipiga hesabu ya nauli ya watu watano, chakula cha hotelini na pengine malazi, huahirisha safari hadi Oktoba, mwezi ambao bonasi ya majani chai imezoeleka kulipwa. Oktoba ikifika, karo na deni la mbolea huwa yanaisubiri bonasi mlangoni, na kile kidogo kinachosalia mara nyingi huishia kwenye baa za sokoni. Mama na watoto hubaki nyumbani kungoja mwaka mwingine.

Lakini ziko sehemu ambazo familia ya Mogogosiek inaweza kwenda asubuhi na kurudi kabla ya giza, kwa nauli ya matatu na chakula kilichofungwa nyumbani. Viazi, chapati, chai kwenye thamosi na kibuyu cha mursik vinatosha.

Jambo la kwanza la kupanga ni saa. Upewo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda nyanda za juu mchana na kukutana na upepo wa mashariki, ndiyo maana mvua yetu, pamoja na mawe na radi, hupenda kunyesha alasiri karibu mwaka mzima. Anayeondoka saa nne kwa sababu asubuhi kuna jua atafika wakati mawingu yanajikusanya. Afadhali kuondoka saa moja.

Mahali panapostahili safari kuliko pengine pote ni bustani ya miti ya Chagaik, kilomita 8 hivi kutoka mjini Kericho. Ilianzishwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia na mkulima wa chai aliyeitwa Tom Grumbley, aliyekusanya miti kutoka nchi mbalimbali na kuipanda kwenye mteremko unaoshuka hadi bwawani. Leo miti hiyo ni mirefu, nyasi chini yake zimekatwa, na mbega weupe kwa weusi huruka juu ya vichwa vya wageni. Mtoto aliyezoea kuona miti ya kuni na ya nguzo tu atashangaa kuona mianzi mirefu na mayungiyungi majini. Bustani iko ndani ya shamba la kampuni ya chai, kwa hiyo wageni huripoti langoni kwanza na kufuata masharti wanayopewa. Wasiwape mbega chakula: mnyama aliyezoea kulishwa hujifunza kunyang'anya.

Kutoka Mogogosiek wengi hupitia Litein kwenda Kericho. Waliofika mjini mapema wanaweza kuona Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa mwaka wa 2015 na linaloweza kuketisha watu wapatao 1,500. Paa lake la vigae huinuka polepole kuelekea madhabahuni, na ndani mwanga huingia katikati ya matao ya zege hata taa zikiwa zimezimwa. Mji huo pia una gurdwara inayojulikana na Masingasinga duniani kote kwa sababu ya Baba Puran Singh, aliyeishi Kericho kabla ya kuhamia Uingereza. Mgeni wa dini yoyote hukaribishwa. Huvua viatu, hufunika kichwa, na haingii na pombe wala sigara. Chakula cha mboga hutolewa bure, na wote huketi pamoja, tajiri na maskini.

Upande wa Bomet, karibu na Hospitali ya Tenwek, Mto Nyangores huanguka kwenye maporomoko ambayo tangu miaka ya 1980 yamekuwa yakiizalishia hospitali umeme. Ni pazuri kwa picha na kwa chakula cha mchana, na papo hapo ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa. Mito yetu hutoka Mau. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanaweza kupanda ghafla hata kama uliposimama kuna jua kali. Maji yakibadilika rangi na kuwa ya udongo, au yakianza kubeba majani na vijiti, ondoka mtoni mara moja. Mawe ya ukingoni huteleza, na mtoto asiachwe peke yake hata dakika moja. Aliyeanguka hurushiwa kamba au tawi; kumrukia mara nyingi huongeza mtu wa pili wa kuokolewa.

Mto huohuo unaweza kuwa somo zuri njiani. Nyangores hukutana na Amala na kuwa Mto Mara, unaopita Masai Mara na Serengeti. Itare na Kiptiget, zinazotoka msitu huohuo wa Mau, hufuata njia ya Sondu. Maji yote hayo huishia Ziwa Victoria, ingawa moja hufika kupitia Tanzania na mengine kupitia Nyanza.

Wanaotaka kuingia msituni wenyewe wapitie kwanza ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya iliyo karibu, waulize ada na waombe mtu wa kuwaongoza. Njia za ng'ombe hufanana, na ukungu ukishuka hata mwenyeji hupotea. Kuvua samaki wa trauti pia kunahitaji leseni.

Asiye na nauli kabisa ana mashamba ya chai. Matembezi ya saa moja hupendeza jua la asubuhi likiwa bado chini, mradi mtu aombe ruhusa, apite njiani na asikanyage vichipukizi.

Kabla ya kushuka kwenye matatu, uliza gari la mwisho la kurudi huondoka saa ngapi. Jumapili jioni magari hupungua mapema, na bodaboda ya usiku kwenye barabara yenye matope si ya kubebea watoto.