Kifaransa cha jikoni na mtihani wa DELF B1

Ndugu zangu wa ughaibuni na wa nyumbani, leo naomba tuongee habari ya mtihani. Si ule wa shule. Ni mtihani wa Kifaransa unaoitwa DELF B1, ambao kwa sisi tunaobeba maboksi hapa Ufaransa umegeuka kuwa suala la makaratasi. Tangu tarehe 1 Januari 2026, anayeomba kwa mara ya kwanza kadi ya ukaazi ya miaka 10 kwa kawaida anatakiwa aonyeshe kwamba Kifaransa chake kimefika ngazi ya B1. Kabla ya hapo ilitosha A2. Anayetaka uraia naye amepandishwa, kutoka B1 hadi B2. Sheria yenyewe ni ya Januari 2024, kwa hiyo hakuna aliyevamiwa usiku, ila wengi wetu tulikuwa tumelala, mwandishi akiwemo.

Kuna kaka mmoja mwenyeji wa Tanga, tuko naye hapa Lyon, amefanya kazi jikoni hotelini miaka minane. Kifaransa anakimwaga. Anabishana na wauza samaki, anataniana na wapishi, watu wa benki wakipiga simu anaongea nao mwenyewe. Mwaka jana alikwenda kwenye mtihani bila kufungua hata daftari. Matokeo yakaja: kusikiliza 19, kusoma 15, kuzungumza 20, kuandika 4. Jumla 58 kwa 100, na alama ya kupita ni 50. Akanipigia simu tushangilie. Nikamwambia, kaka, hebu soma na mstari wa chini. Ulisema amefeli.

Ndivyo ulivyo mtihani huu. Una sehemu nne, kila moja alama 25, na ukipata chini ya 5 katika sehemu yoyote umeanguka, hata kama kwingine umeng'ara. Tena ukirudia unarudia zote nne, na ada unalipa upya.

Nilimuuliza kwenye kuandika aliandika nini. Akasema aliulizwa maoni yake, akayatoa, akamaliza kwa dakika kumi. Hapo ndipo penye shimo. Unapewa dakika 45 na unatakiwa uandike maneno yasiyopungua 160, uwe na msimamo, utoe sababu, ulete mfano, na sentensi zishikane. Yeye aliandika kama mtu anayetuma ujumbe wa simu. Kifaransa cha kazini kinakufundisha kujibu haraka, lakini hakuna mpishi anayekwambia ueleze kwa nini, kisha utaje na hoja ya upande wa pili. Hata rafiki zetu wa Bujumbura na Lubumbashi waliosoma kwa Kifaransa tangu utotoni nawashauri wasiingie kichwa kichwa.

Maneno 160 yasikutishe. Kanuni ya kuhesabu ni kwamba kilicho kati ya nafasi mbili ni neno moja. Sasa chukua neno letu "sijamwona". Kwa Kifaransa ni "je ne l'ai pas vu", maneno matano! Insha ya Kiswahili, ukiigeuza, kwa kawaida maneno yataongezeka bila jasho.

Na hapa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Wengi wetu kutoka Tanzania na Kenya tunajifunza Kifaransa kwa kupitia Kiingereza, kwa sababu vitabu vyetu vya shule vilikuwa hivyo. Ni kuzunguka mlima bure. Chukua ile hali ya kitenzi inayowatoa watu jasho darasani, "subjonctif". Mwalimu anaandika ubaoni "il faut que j'aille", darasa zima linakunja uso. Lakini sisi tunasema "lazima niende", si "lazima ninaenda". Tunasema "nataka aje", nao wanasema "je veux qu'elle vienne". Tunasema "ili uelewe", nao "pour que tu comprennes". Ile -e yetu ya mwisho ndiyo hiyo hiyo kazi! Hata pale ambapo hatuitumii mara nyingi nao hawaitumii: "natumaini atakuja" ni "j'espère qu'il viendra", wakati ujao wa kawaida. Anayepitia Kiingereza anaishia kusema "je veux elle venir", na mtahini anashusha kalamu. Si kila mahali panalingana, lakini. "Kabla hajaondoka" kwetu ni ukanushi, kwao ni "avant qu'il parte", na hiyo ni subjonctif. Hizo chache zikariri.

Vivyo hivyo kwa wakati uliopita. "Nilikuwa napika aliponipigia simu": kile kilichokuwa kikiendelea ni "je cuisinais", kile kilichotokea ghafla ni "il m'a appelé". Mswahili anatofautisha "nilikuwa napika" na "nilipika" tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Na upatanisho wa kike na kiume? Mtu anayesema "kitabu changu kizuri kimepotea" bila kufikiri hawezi kuogopa "ma belle voiture". Kazi ni kulimeza kila jina pamoja na "le" au "la" yake tangu siku ya kwanza.

Tunakoumia kweli ni kwenye sauti. U yetu ni "ou" yao, lakini ile "u" yao ya midomo iliyochongoka hatuna. Matokeo yake "dessus" (juu) na "dessous" (chini) kwetu vinakuwa kitu kimoja, na fundi bomba anagonga mlango usio wako. Halafu "je mange" na "j'ai mangé", nala na nimekula, mtu akizitamka ovyo mtahini hajui umeshiba au una njaa.

Kwa sikio, dawa yangu ni rahisi na haina malipo. RFI ina idhaa ya Kiswahili tangu 2010, na kwa Kifaransa ina kipindi cha habari kwa lugha nyepesi, "Journal en français facile", dakika kama kumi. Sikiliza kwanza habari za siku kwa Kiswahili ujue nani kafanya nini, kisha sikiliza za Kifaransa. TV5Monde nao wana mazoezi ya bure mtandaoni kwa ngazi mbalimbali.

Mazungumzo huchukua kama robo saa: unajieleza, mnaigiza tukio (labda unamrudishia muuza duka kitu kibovu), kisha unatoa maoni kuhusu maandishi mafupi uliyopewa dakika 10 kuyaandaa. Muuza duka ni "vous". Ukimwita "tu" ni sawa na kumwambia mzee "mambo vipi" badala ya shikamoo.

Kabla ya kulipa, uliza cheti gani kinatakiwa. Walioko nyumbani wanaweza kuuliza Alliance Française za Dar es Salaam na Nairobi. Cheti cha DELF hakiishi muda, TCF hudumu miaka miwili. Wanaotaka kwenda Kanada kwa njia ya Express Entry wajue DELF haipokelewi huko, ni TEF Canada au TCF Canada.

Kaka wa Tanga amejiandikisha tena. Kila Jumapili ananiletea barua moja ya mazoezi. Ya wiki iliyopita ilikuwa malalamiko kwa mwenye jengo kuhusu lifti, maneno 171, sababu tatu na mfano wa mama mjamzito wa ghorofa ya sita. Nilisahihisha makosa manne tu. Nikamwambia hii usiifungie kabatini, itume. Ameituma, tunasubiri jibu, na lifti bado imekufa.