Mbwa Koko Anapopokewa Nyumbani

Mbwa koko akimfuata mtoto hadi nyumbani, Nyarugusu wilayani Kasulu au kwingineko, jamaa humtazama. Wakimwona anakula na kucheza, humpokea. Je, dalili hizo zatosha?

La, hazitoshi. Virusi vya kichaa cha mbwa huingia mwilini kwa jeraha la kuumwa, kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Safari hiyo huchukua majuma, pengine miezi, na mbwa huonekana mzima. Vikisha kufika ubongoni, virusi huenea hadi kwenye tezi za mate. Hapo mbwa huweza kuambukiza, naye kwa kawaida hufa kabla ya siku 10 kupita. Kwa hiyo siku 10 za uangalizi zamfaa mbwa aliyeuma mtu. Kwa mgeni ni chache mno.

Mgeni na achanjwe na daktari wa mifugo, kisha atengwe na watoto kwa miezi kadhaa, kwani chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, naye awahi hospitali kuchanjwa. Dalili zikisha kutokea, ni nadra mno mtu kupona.